Dohani ya jiko la kuni sebuleni: mdomo uwe juu ya paa kiasi gani? Moshi unatutoa machozi Njombe

Baridi Kali (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mnaoijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba sina haja ya kuwaeleza. Asubuhi sakitu imelala kwenye majani ya viazi, maji ya bomba yanauma vidole. Nilipomaliza kujenga nikasema jiko la mkaa haliingii chumbani kwangu, habari za watu waliolala nalo wasiamke tumezisikia wote. Nikatengenezesha jiko la chuma la kuni, lenye mlango wa kufunga na bomba la kutolea moshi nje. Lipashe nyumba joto, na juu yake birika la chai likae.

Jiko lenyewe ni zuri. Mtihani ni moshi. Nikiwasha asubuhi unajaa sebule nzima mpaka watoto wanakimbilia nje kwenye baridi ileile tuliyokuwa tunaikwepa. Jioni kuna nafuu kidogo, ila upepo ukivuma kutoka upande wa mbele wa nyumba moshi unarudi kwa mikupuo, unatokea kila penye upenyo.

Nimepima kwa futi kamba. Tundu la moshi juu ya jiko liko sentimita 75 kutoka sakafuni, kipenyo inchi 6. Fundi hakuwa na bomba la inchi 6, akaweka kipande cha kupunguzia akaendelea na la inchi 4. Linapanda mpaka mita 1.5, linakata kona, linatoboa ukuta wa nyuma, linakata kona tena nje na kupanda pembeni ya bati. Mdomo wake uko mita 3.1 kutoka usawa wa sakafu. Ukingo wa bati uko mita 2.7, na mgongo wa paa, pale kwenye kofia, mita 4.7. Kutoka bomba lilipo hadi usawa wa kofia ni kama mita 4.5 kwa mlalo.

Fundi anasema niongeze mita moja. Jirani anasema nifunge feni. Shemeji anasema niuze jiko. Naombeni msaada: dohani inatakiwa iwe na urefu gani, na urefu huo unahesabiwa kuanzia wapi?

---

Kisamvu cha Nazi

Siti ya mbele kabisa. Shemeji yako ana hekima zake.

---

Mama Nuru

Kwani gesi haifiki huko? Mkakati wa nishati safi ya kupikia umezinduliwa 2024, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, mwenzetu ndiyo kwanza unaziingiza sebuleni!

---

Baridi Kali

Mama Nuru shikamoo. Kupikia natumia gesi. Hili ni la kuota moto. Nikipasha nyumba nzima kwa mtungi Juni mpaka Agosti, ukoo utanichangia.

---

Mama Nuru

Marahaba. Haya, hapo nimekuelewa. Lakini niko kwenye kazi ya afya, nitarudi kwenye uzi huu kuwauliza jambo la hewa ya sumu. Endeleeni.

---

Mnyalu Ughaibuni

Mkuu Baridi Kali, kwetu Iringa ila niko Minnesota, Marekani, na nyumba ninayokaa ina jiko la kuni. Huku majira ya baridi si mchezo, kwa hiyo mambo haya yameandikwa kwenye kanuni na mkaguzi anakuja na futi kamba yake.

Kuna vipimo viwili na watu wengi wanavichanganya. Cha kwanza ni urefu wa dohani yenyewe, kutoka tundu la jiko hadi mdomoni. Watengeneza majiko wengi wa huku wanataka futi 12 hadi 15. Mwongozo wa Uingereza unataja mita 4.5. Wewe una mita 3.1 toa 0.75, yaani mita 2.35. Nusu ya safari.

Cha pili ni mdomo ukae wapi ukilinganisha na paa. Huku kanuni inaitwa tatu-mbili-kumi, kwa futi. Kwa mita: mdomo uwe angalau sentimita 90 juu ya pale bomba linapotoboa bati, NA uwe angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote cha jengo kilicho ndani ya mita 3 kwa mlalo. Yote mawili yatimie, linaloleta urefu mkubwa ndilo unalofuata.

Sasa tukupigie hesabu. Paa lako linapanda mita 2 katika mlalo wa mita 4.5. Ukitembea mita 3 kutoka kwenye bomba kuelekea kofia, bati limeshafika kama mita 4. Ongeza 0.6, mdomo unatakiwa mita 4.6. Mita moja ya fundi inakufikisha 4.1. Pesa imetoka na moshi umebaki.

Na mimi kwa upepo unaousema nisingeishia 4.6. Upepo ukipanda paa upande wa mbele na kuvuka kofia, upande wa nyuma unaanguka na kujizungusha, na mdomo wako uko palepale unapoangukia. Ndiyo ile mikupuo. Toa mdomo sentimita 60 juu ya kofia, yaani 5.3. Toa 0.75 ya jiko, dohani inakuwa mita 4.55. Vipimo vyote viwili vimekutana.

---

Baridi Kali

Nimeelewa kuliko nilivyoeleweshwa na yeyote mpaka leo. Kwa hiyo niongeze mita 2.2 hapohapo lilipo?

---

Fundi Kenchi

Usiongeze hapo.

Mimi ni fundi wa paa, Makambako na Njombe ndiyo shamba langu. Bomba lisimame mita 2.6 juu ya ukingo wa bati, nyembamba, halina cha kushikilia? Upepo wa Agosti unalikunja. Bomba likizidi mita moja na nusu juu ya bati lazima lishikwe na vyuma viwili vitatu vya kulivutia pande zote, na kule ukingoni hakuna cha kufungia zaidi ya fisha bodi, ule ubao wa pembeni ya ukingo wa paa. Utashindilia misumari kwenye ubao wa inchi moja halafu uite hiyo kazi.

Na hata likisimama, bado ni bomba la nje. Bomba la nje asubuhi ni la baridi kuliko chochote. Moshi ukifika pale unapoa, ukipoa haupandi.

Ukitaka kumaliza ugonjwa, hamisha jiko. Liwekwe kwenye ukuta wa ndani karibu na katikati ya nyumba, bomba lipande wima moja kwa moja, lipite kwenye silingi, litokee juu karibu na kofia. Hakuna kona hata moja.

---

Kisamvu cha Nazi

Fundi wa kwanza duniani kukataa kazi ya kuongeza. Huyu tumtunze.

---

Mnyalu Ughaibuni

Fundi Kenchi kasema kweli tupu. Nilijibu swali la urefu nikalisahau la mahali. Lakini ukitoboa bati si ndiyo unakaribisha mvua?

---

Fundi Kenchi

Inategemea unatoboa wapi. Ukitoboa katikati ya paa au chini, maji yote ya juu yanashuka yanagonga mgongo wa bomba, na hapo hata upake dawa gani, masika mawili matatu linavuja. Ukitoboa karibu na kofia, kile kibati cha kuzungushia bomba unakiingiza ncha yake ya juu CHINI ya kofia. Maji ya kofia yanapita juu yake, hayana njia ya kuingia nyuma. Ncha ya chini unailaza JUU ya bati. Huo ndio mpangilio, kila cha juu kinamlalia wa chini. Kisha juu ya kibati unafunga pete ya chuma inayobana bomba, inatoa maji yanayoteremka na bomba lenyewe.

Silikoni ya kawaida ya dirishani usiiguse hapo, joto litaikausha ibanduke. Kuna ile ya joto kali, ya rangi nyekundu, wanayoweka kwenye injini za magari.

---

Mzee wa Molo

Nawasalimu kutoka Kenya. Molo nayo ni baridi, hatuna tofauti na Njombe.

Nyumba nyingi hapa zilikuwa na chimni za mawe tangu zamani, watu wakazibomoa, sasa wanarudia za chuma. Nitaongeza moja ambalo sijaona likitajwa. Ile chimni ya nje ya baridi, ukichoma kuni mbichi, hata kama moshi utatoka utakuachia maji meusi yananuka. Yanashuka ndani ya bomba, yakifika kwenye kiungo yanachuruzika nje ukutani. Rangi ya nyumba kwisha.

Kwa hivyo viungo: kile kichwa chembamba cha bomba la juu kiingie NDANI ya bomba la chini. Maji meusi yakishuka yabaki ndani, yarudi jikoni yaungue.

---

Fundi Kenchi

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kwenye mvua tunafanya kinyume. La juu linafunika la chini, kama bati.

---

Mzee wa Molo

Marahaba kijana. Hiyo ni gata, maji yake yako nje. Hili adui yake yuko ndani. Mvua utaizuia kwa kofia juu ya mdomo wa bomba na ile pete uliyoitaja mwenyewe. Lakini utomvu wa moshi ukiufungulia njia kwenye kiungo, utatoka juu ya silingi, penye mbao. Na ule ukikauka ni petroli, unashika moto.

---

Mnyalu Ughaibuni

Mzee wa Molo yuko sahihi, huku nako hufungwa hivyo, kichwa chembamba kinaangalia jiko. Ule utomvu ukijaa unene wa kidole halafu siku moja ukawasha moto mkali, dohani yenyewe inaungua ndani. Inanguruma. Ikitokea, funga milango yote ya hewa ya jiko, toa watu nje, ita zimamoto. Usimwage maji kwenye bomba la moto.

---

Fundi Kenchi

Sawa, nimekubali. La ndani nitafunga alivyosema mzee.

---

Namba Hazidanganyi

Mwalimu wa fizikia, Mbeya. Mmeongea ufundi, niruhusuni kidogo niseme kwa nini huko kwenu urefu unadaiwa zaidi kuliko Dar.

Dohani haivuti kwa sababu ni ndefu tu. Inavuta kwa sababu hewa ya ndani ya bomba ni moto, ni nyepesi, na hewa ya nje ni baridi, ni nzito. Ile nzito inasukumia kupitia jiko, nyepesi inapanda. Nguvu hiyo ni urefu wa wima, mara tofauti ya uzito wa hewa hizo mbili, mara mvutano wa dunia. Sehemu ya mlalo haiongezi kitu, inakula tu.

Nje nyuzi 10, ndani ya bomba wastani nyuzi 180: usawa wa bahari kila mita ya wima inakupa mvuto wa kama paskali 4.6 (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa). Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo mita ileile inakupa kama 3.6. Majiko ya kisasa ya kuni Ulaya hupimwa maabara kwa mvuto wa paskali 12. Mita 2.35 za Baridi Kali, hata likiwa la moto sawasawa, zinafika 8 na kitu. Sasa bomba la nje likipoza moshi mpaka wastani wa nyuzi 90, kila mita inabaki na paskali 2 tu, jumla 5. Toa hasara ya kona mbili. Linalobaki, mlango ukifunguliwa, halitoshi.

Zile mita 4.55 zikipita ndani ya nyumba zikabaki na joto: paskali 16. Hapo una akiba hata ya upepo.

Na kipenyo! Hakuna aliyelisemea. Bomba la inchi 4 eneo lake ni asilimia 44 ya la inchi 6. Yaani fundi wa kwanza alifunga zaidi ya nusu ya njia ya moshi kabla hata haujafika ukutani. Unaweza kujenga mnara, kwa tundu lile moshi bado utasongamana. Kipenyo kifuate tundu la jiko, kisipungue popote mpaka mdomoni.

---

Kisamvu cha Nazi

Mwalimu ungenifundisha hivi mimi nisingekuwa nauza chipsi.

---

Binti Usambara

Nyumba niliyokulia Lushoto ni ya enzi za Mjerumani, dohani ya tofali iko katikati kabisa, vyumba vitatu vinaizunguka. Ukiwasha sebuleni, ukuta wa chumba cha bibi unapata uvuguvugu mpaka usiku wa manane. Sasa nauliza, kwa nini msimshauri ajenge ya tofali? Njombe tofali za kuchoma si zipo tele?

---

Fundi Kenchi

Zipo. Lakini dohani ya tofali ina msingi wake peke yake, huwezi kuisimamisha juu ya sakafu ya zege iliyokwisha mwagwa, itazama na kupasuka. Hiyo ni ya kupanga wakati wa kuchimba msingi. Mnaoanza kujenga, sikieni hilo mapema. Pia ni kubwa, ndani ikiwa pana sana kuliko jiko moshi unapoa humo humo. Wengi wanapitisha bomba la chuma ndani ya tofali. Kwa nyumba iliyokwisha simama, bomba.

---

Baridi Kali

Wakuu nimefanya majaribio mawili kabla sijavunja chochote, niliambiwa pembeni na mdau mmoja humu.

La kwanza, nimefungua dirisha kidogo, upana wa vidole viwili, nikawasha. Moshi ulipungua kiasi, haukuisha. Madirisha yangu ni ya alminiamu na silingi ni jipsamu, kumbe nyumba imezibwa kabisa, jiko linakosa hewa ya kuvuta.

La pili, kabla ya kuweka kuni nimewasha gazeti moja lililokunjwa nikalisukuma juu kabisa karibu na tundu la bomba. Sekunde chache za mwanzo moshi ulirudi, halafu ukageuka, nikasikia kabisa bomba linavuta. Nikaweka vijiti, kisha kuni. Asubuhi hiyo tulikunywa chai bila machozi. Ila saa nne upepo ulipoanza, yaleyale.

---

Mnyalu Ughaibuni

Majibu mazuri sana hayo. Gazeti limekuonyesha kuwa shida ya asubuhi ni hewa baridi iliyokaa kwenye bomba la nje. Dirisha limekuonyesha kuwa una njaa ya hewa pia. Na upepo wa saa nne ndio mdomo uliokaa chini ya kofia. Yote matatu ni yako, wala si moja.

Hewa: tafuta njia ya kudumu, tundu la inchi 4 ukutani karibu na jiko, liwe na wavu wa panya. Usitegemee dirisha, usiku wa baridi mtu atalifunga.

---

Mama Nuru

Nimerudi. Hiyo hewa ndiyo niliyotaka kuiuliza. Moshi unaoonekana watu wanaukimbia. Kaboni monoksaidi haionekani na haina harufu, unaumwa kichwa, unasikia kichefuchefu, unasema ni mafua, unalala. Je, dohani ikiwa ndefu vya kutosha hatari imekwisha?

---

Namba Hazidanganyi

Haijaisha mama. Inapungua sana moto ukiwa unawaka, kwa kuwa bomba linavuta kila kitu nje. Hatari kubwa ni usiku, makaa yamebaki, bomba linapoa, mvuto unashuka, na makaa ndiyo yanayotoa gesi hiyo kwa wingi. Mtu akifunga kabisa kile kibati cha ndani ya bomba, kinachogeuzwa kupunguza mvuto, ili joto lisitoke, amejifungia nayo. Kibati hicho kitobolewe kisiweze kuziba bomba lote. Na kile kifaa cha kulia king'ora, mwenye uwezo akinunue, kikae chumba cha kulala.

---

Mama Nuru

Asante mwalimu. Baridi Kali umesikia? Usiku makaa yasichochewe halafu mkaenda kulala. Na watoto wasilale sebuleni.

---

Baridi Kali

Nimesikia mama. Nimeamua kuhamisha jiko. Fundi Kenchi nimekutumia ujumbe.

---

Mwana Mufindi

Nami niulize kabla uzi haujapoa. Bomba lipite kwenye silingi na kenchi za mbao, zile fremu zinazobeba paa, moto je? Babu yangu nyumba yake iliungua kwa jambo hilihili.

---

Fundi Kenchi

Swali la maana kuliko yote. Bomba tupu la chuma la ngozi moja linatakiwa liwe sentimita 45 mbali na mbao, kila upande. Watu wanaacha inchi mbili, ubao unakauka kidogo kidogo miaka na miaka, siku moja unawaka kwa joto ambalo zamani usingewaka.

Kenchi zikiwa mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, bomba la inchi 6 likipita katikati kabisa unabaki na kama sentimita 52 kila upande. Hapo umepona. Papi, zile mbao za mlalo zinazopigiliwa bati, ndizo zinazoingilia, hizo unakata moja, ncha zake unazishika kwa engo ya chuma, kile chuma cha umbo la L. KENCHI USIKATE. Ukimkuta fundi ameshika msumeno anaangalia mguu wa kenchi, mfukuze.

Mbao ndogo za silingi nazo zirudishwe nyuma, tundu lifunikwe kwa bamba la chuma na si jipsamu na mbao.

---

Mnyalu Ughaibuni

Niongeze: huku bomba la ngozi moja haliruhusiwi kabisa kupita silingi wala paa. Linaishia chini ya silingi, kutoka hapo linaanza la ngozi mbili lenye pamba ya mawe katikati, hilo linaruhusiwa kuwa inchi mbili tu kutoka kwenye mbao. Kama hayo ya kiwandani hayapatikani, Fundi anaweza kuvisha bomba la inchi 10 nje ya lile la 6, katikati ashindilie pamba ya mawe, ile ya kwenye oveni na boila. Lakini kwa la kujitengenezea msiamini inchi mbili, shikeni zilezile sentimita 45. Faida ya koti ni kwamba juu ya paa bomba halipoi.

Na kipande cha kwanza juu ya jiko kisiwe cha mabati yenye zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na moto mkali unaitoa moshi wa kuumiza kifua. Chuma cheusi cha milimita 2.

---

Baridi Kali

MREJESHO.

Kazi imeisha wiki iliyopita. Jiko liko ukuta wa ndani, mita moja kutoka usawa wa kofia. Bomba inchi 6 tangu jikoni mpaka mdomoni, wima, hakuna kona. Mdomo umetoka mita 5.3 kutoka sakafuni. Bati pale lilipotobolewa liko mita 4.25, kwa hiyo bomba limesimama zaidi ya mita moja juu yake, halihitaji vyuma vya kushikia. Tundu la hewa limewekwa.

Juzi upepo ulivuma mchana kutwa. Nilikaa mbele ya jiko na kijiti cha ubani, nikakipitisha kwenye pindo za mlango pande zote. Moshi wa ubani uliingia NDANI ya jiko kila mahali, hata upepo ulipopiga kwa nguvu. Mama watoto ameondoa pazia zilizokuwa zinanuka.

Ila sasa nina shida ya pili: kuni zinakwisha haraka mno. Beseni nililokuwa natumia jioni nzima linaisha saa mbili usiku.

---

Kisamvu cha Nazi

Shemeji anacheka huko aliko.

---

Mzee wa Molo

Hongera. Hiyo ni kwa sababu sasa inavuta kweli. Usiikate chimni! Watu hukimbilia kufupisha. Punguza hewa pale chini ya mlango moto ukishakolea, na kile kibati cha bomba kigeuze nusu. Unachoma kuni gani?

---

Baridi Kali

Paina na mkaratusi, mabaki ya mbao.

---

Mzee wa Molo

Paina inawaka upesi na kuisha upesi, iwe ya kuwashia tu. Mkaratusi mzuri ukiwa umepasuliwa na kukaa chini ya banda, juu pamefunikwa na pembeni pako wazi, mwaka mzima. Njombe si ndiyo mna miwati? Muwati mkavu ndio moto wa usiku. Ukigonganisha vipande viwili vikalia kwa sauti kavu vimeiva, vikitoa sauti ya kuzibwa virudishe bandani.

---

Mwana Mufindi

Kwangu kuna ghorofa ya jirani mita 5 kutoka nyumbani na paina ndefu nyuma. Kanuni ya mita 3 inaniachia huru?

---

Mnyalu Ughaibuni

Kwenye karatasi ndiyo, kwenye upepo hapana. Ghorofa na miti mirefu vinafanya kilekile ambacho kofia ya paa ilimfanyia Baridi Kali, kwa ukubwa zaidi. Huwezi kulishinda ghorofa kwa urefu, kwa hiyo tokea upande wa paa ulio mbali nalo, zidisha mita moja na uifunge vyuma, halafu juu weka kofia ya kuzuia upepo. Uwazi chini ya kofia usipungue nusu ya kipenyo cha bomba, kwa inchi 6 acha inchi 3 au 4. Na usifunge wavu mwembamba kuzuia ndege, masizi yanauziba, utarudi hapa na uzi wako.

---

Fundi Kenchi

Na mkwea dohani awepo. Mwanzo wa baridi na katikati yake, fungua kofia ya bomba, pitisha brashi ya waya mpaka chini. Ukikuta masizi makavu ya unga, kuni zako nzuri. Ukikuta yameganda yanang'aa, kuni mbichi au unaubana moto mno usiku.

Baridi Kali, tuma picha ya lile bamba la silingi. Nataka kuona mbao za pembeni vijana wangu wamezirudisha nyuma kiasi gani, siku ile niliwahi kuondoka.

---

Baridi Kali

Nimepanda na futi kamba sasa hivi. Pande tatu ni sentimita 50 na zaidi. Upande wa korido ni 38.

---

Fundi Kenchi

Usiwashe leo. Kesho asubuhi nipo hapo na msumeno.

---

Kisamvu cha Nazi

Msumeno? Si ulisema tumfukuze?

---

Fundi Kenchi

Ni wa mbao za silingi huo. Kenchi siigusi.